Siku Tuliyobonyeza Nukta Tatu

Bi Salima Abilahi amefunda maharusi wa Kilwa Kivinje kwa miaka thelathini na mitatu, na ishirini kati ya hiyo mimi nimekuwa jirani yake. Cherehani yangu iko barazani, inatazama uwani kwake, kwa hiyo jambo la nyumba ile likinipita ujue nilikuwa naumwa. Asubuhi anakaanga bagia na kuzipitisha stendi. Harusi ikija anaziacha bagia, anajifunga kanga zake mbili, anakuwa kungwi, na hapo hata mke wa mkubwa anasubiri kuambiwa akae wapi.

Mlangoni anasimama mwenyewe. Hajali umekuja na zawadi gani. "Umeolewa? Nani alikufunda?" Ukijiumauma kujibu, unarudi kwenu. Wapo wanaoruhusiwa kusikia wimbo lakini hawapewi maana yake, na wapo wanaopewa maana wakishazaa. Mimi kuna wimbo nilielezwa nikiwa na watoto wanne, nikacheka siku mbili. Niliwahi kumwambia ana choyo cha maneno. Akanijibu, "Sina choyo mie. Nampa mtu akishafika."

Chumba cha uani amempangisha Dativa, mkunga wa zahanati, mtu wa milimani Kipatimu, Mkatoliki, ambaye mumewe anafundisha shule Liwale. Dativa alikuwa na ukurasa wake mtandaoni. Jioni akitoka kazini alikuwa anaegemeza simu kwenye ndoo na kuwafundisha wajawazito: wale nini, dalili gani ni za hatari, lini wasingoje. Yalikuwa masomo mafupi mafupi, zaidi ya mia mbili, kazi ya miaka miwili, na aliyemwandikia swali alijibiwa. Bi Salima, mwenye simu ya kitochi, alimwona tu mpangaji wake anaongea na ndoo. Alinieleza kwamba Dativa ni mzima wa akili isipokuwa saa kumi na moja jioni.

Matata yalianzia kwenye harusi ya Somoe, binti wa mtaa wetu aliyeolewa na Amiri, kijana wa bodaboda ambaye kwao ni Tingi. Siku ya kumfunda bibi harusi Dativa aliruhusiwa kuingia, kwa kuwa ni mke wa mtu, tena mpangaji wa Bi Salima. Ngoma ilipokolea akatoa simu, akamrekodi Bi Salima anaimba na kucheza, sekunde kumi na tano, na Somoe yupo pembeni. Kesho yake akaiweka video kwenye ukurasa wake na maneno, "Mama yangu wa Kivinje, namuonea fahari." Hakuwa na ubaya wowote, alimpenda mno. Kisha akapanda gari kwenda Kipatimu kumuuguza mama yake, kwenye kijiji ambacho ukitaka mtandao unapanda kilima.

Siku ya tatu Bi Salima alipita stendi na beseni lake. Vijana wa bodaboda wakaanza kumwimbia ule wimbo wa ndani waliousikia kwenye video, na maneno yake yote, huku wakikata viuno. Alirudi beseni likiwa limejaa bagia zilezile, akakaa kizingitini, na nikamwona analia kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe. Roho iliniuma, sitaki kusema uongo. Somoe naye alikuwa anaonekana uso wote. Mama mkwe wake kule Tingi aliletewa video na watu watano tofauti, na alishaanza kumuuliza mwanawe ameoa mtu wa namna gani.

Tulimpigia Dativa, hapatikani. Tukapiga tena, hapatikani. Ndipo binti mmoja akasema video inaweza kuondolewa ikishtakiwa na watu wengi: unabonyeza nukta tatu pembeni, simu inakuuliza kosa, unachagua. Bi Salima akawaita wanawake wote aliowafunda, kila mmoja aje na simu. Ijumaa baada ya swala uwani hapakuwa na pa kukanyaga.

Binti akasoma orodha ya makosa kwa sauti: uchi, vurugu, uongo, utapeli, chuki.

"Kubwa ni lipi hapo?" Bi Salima akauliza.

"Yote makubwa, bibi."

"Basi bonyezeni yote. Na ukurasa wenyewe ushtakini, isije ikawekwa nyingine."

Nani angembishia kungwi wake? Tuliishtaki video, tukaushtaki na ukurasa mzima, kwa kila kosa lililosomwa. Mimi nilibonyeza kwa simu yangu, kisha kwa ya mume wangu. Hadi adhana ya alasiri tulikuwa tumeshamfanya Dativa, mkunga wa watu, kuwa tapeli, mwongo na mwenye chuki.

Jumamosi asubuhi havikuwepo, video wala ukurasa. Tulipiga vigelegele. Na sitajifanya leo kwamba haikusaidia. Baada ya wiki mbili wimbo ulikwisha stendi, maana hapakuwa tena na pa kuusikia. Somoe akaanza kutoka nje, mama mkwe akanyamaza. Hao wanaosema kila kitu kiachwe wazi mtandaoni hawajawahi kuimbiwa mambo yao ya ndani mbele za watu wakiwa na beseni kichwani.

Dativa aliporudi alidhani simu yake ina tatizo la mtandao. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa sababu Bi Salima alijifanya ana kazi jikoni. Dativa hakupiga kelele. Alisema tu, "Mngeningoja siku nne." Aliomba radhi kwa ile video, akamwendea na Somoe kumwomba radhi, kisha akaandika kuomba ukurasa wake urudishwe. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: uamuzi hautabadilishwa. Nikamuuliza nani aliyeamua upesi hivyo. Akasema hakuna mtu, ni mashine. Hapo nilikasirika kweli. Hata mwizi wa kuku huulizwa jina lake kabla hajahukumiwa. Na masomo yale hakuwa ameyaweka mahali pengine, kwa kuwa simu yake ilikuwa ndogo na alikuwa anayafuta kila akishayatuma. Akaanza kutafuta chumba mtaa mwingine.

Wiki hiyohiyo wanawake walianza kubisha hodi kwa Bi Salima. "Yule nesi wa kwenye simu anakaa hapa? Mbona kapotea?" Mmoja alitoka Tingi na mimba ya miezi minane. Bi Salima ndiye aliyekuwa anawafungulia. Wa tatu alipoondoka, alikuja barazani kwangu.

"Kumbe alikuwa anafunda."

"Ndiyo, Bi Salima. Miaka miwili."

"Na mimi nimemfunga mdomo."

Nami nilikuwa nimembonyezea mara mbili.

Aliingia chumbani kwa Dativa na kumkuta anapanga nguo kwenye sanduku. Akalifunika sanduku, akalikalia. "Niambie uliyokuwa unawaambia. Yote."

"Ni masomo mia mbili, mama."

"Mimi nina nyimbo mia tatu na sijui kuandika. Anza."

Dativa hakuhama. Kila jioni yeye alieleza, Bi Salima akarudia, akapunguza maneno, akatia kibwagizo, na mimi nilishona mikono ya mashati kinyumenyume kwa kuwasikiliza. Wimbo wa kwanza kukamilika ulikuwa wa dalili za hatari:

Kichwa kikigonga, mwenzangu,
macho yakiona vimulimuli,
uso ukijaa, mwenzangu,
usingoje siku ya kliniki,
mwite mwenye pikipiki!

Hapo wakagombana. Dativa alitaka kuuweka kwenye ukurasa mpya. Bi Salima akasema uimbwe ndani, mimba si habari ya wanaume. "Na anayempeleka hospitali ni nani?" Dativa akauliza. Walinuniana siku mbili. Mwisho walikubaliana: uso wa mtu usionekane bila ruhusa yake, na Bi Salima asikilize kila kitu kabla hakijatoka, akikataa kimekataliwa. Lakini nyimbo za uzazi zitoke wazi, asikie anayetaka. Hilo la mwisho lilimuuma, na siku wimbo ulipowekwa alishinda jikoni akiosha sufuria zilizokuwa safi.

Walioupenda kuliko wote ni vijana wa stendi, kwa sababu wametajwa. Waliuimba wakipiga honi. Bi Salima alipita amekunja uso, lakini bagia zilikwisha mapema.

Mimba ya Somoe ilipofika miezi minane, siku moja Amiri alirudi nyumbani Tingi kula chakula cha mchana. Alimkuta mkewe amelala, kichwa kinamgonga, uso umejaa, anasema anaona vimulimuli mchana kweupe. Mama yake Amiri alikuwa amempa dawa ya kichwa na kumwambia avumilie hadi Jumatatu, siku ya kliniki. Amiri aliniambia baadaye kwamba hakufikiri lolote, wimbo ulianza wenyewe kichwani. Akaweka sahani chini, akamwambia mama yake, "Nisamehe," akampakia Somoe kwenye pikipiki, dada yake akakaa nyuma kumshikilia. Hospitali walisema presha imepanda sana na kifafa cha mimba kilikuwa karibu. Walimtoa mtoto siku ileile. Wa kike, mdogo mno, lakini analia kwa sauti kubwa. Na Somoe ni mzima.

Ile video ya kwanza ningeishtaki tena hata leo, na Bi Salima anasema hivyohivyo. Ila ukurasa tusingeugusa, tungemngoja Dativa.

Jumapili yake Amiri alikuja kushukuru. Bi Salima alikuwa amesimama palepale mlangoni anaposimama siku za harusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akamtazama kuanzia viatu. Kijana mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliokata viuno stendi, kabla hajajua kwamba mkewe yumo kwenye ile video. "Hizo dalili umezijua vipi wewe, mwanamume? Nani alikufunda?"

Amiri akatazama chini. "Wewe, bibi. Pale stendi."

Bi Salima akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaingia ndani, akamfungia bagia kwenye gazeti na kumpa bure, jambo ambalo mimi, jirani wa miaka ishirini, sijawahi kutendewa.