Jiko Nililolipaka Dawa ya Viatu

Naona haya hata kuandika, lakini bora mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa akina mama wa maombi wa Soweto.

Nimepanga chumba kwa Mama Thandi, mzaliwa wa Morogoro, aliyeolewa na mpigania uhuru wa huku Afrika Kusini, akaja naye. Akina mama wa kanisa lake husali kila Alhamisi nyumba kwa nyumba, na miaka yote zamu ikifika kwake inarukwa (machoni pao alikuwa bado "yule Mtanzania"). Wiki ile, hatimaye, wakasema wanakuja. Baridi ilikuwa kali, jiko la makaa ya mawe linalopasha nyumba lilikuwa likirudisha moshi ndani, nami nikajitolea kulisafisha, maana nilishatazama video kumi na moja.

Nikafungua bomba la moshi, nikachungulia (kumbe ndani moshi una njia zinazopinda kama utumbo!), nikakwangua masizi, nikazoa majivu, na ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini mimi kitu kisipong'aa silali, na nilikuwa nimemwona jirani akisugua baraza lake kwa polishi mpaka likawa kioo, nikajiuliza, jiko lina tofauti gani? Nikalipaka dawa nyeusi ya viatu, makopo mawili.

Mama Thandi akashika mdomo. "Mwanangu, limekuwa jipya!"

Wageni wakaja na sare zao za maombi, blauzi nyekundu, kola na kofia nyeupe pee. Moto ukawashwa, wimbo ukaanza. Ubeti wa pili, jiko likatoka jasho. Wa tatu, moshi, na harufu ya kiatu kinachoungua. Nikakimbilia kulifuta kwa taulo, nikalikung'uta (kwa nini, sijui), matone meusi yakatua kwenye kofia tatu.

"Eish! Kijana, unatupikia viatu?" akafoka mama mmoja, huku anakohoa.

Mama Thandi alikuwa akizitazama zile kofia tu, macho yamemjaa machozi, na si ya moshi.

Wakamalizia wimbo uani, wakitetemeka. Wakati wa kuaga, kiongozi wao akamshika Mama Thandi mkono.

"Dada, hatujamaliza sala. Alhamisi ijayo tunarudi hapa hapa. Ila huyu mtoto wako umfungie chumbani."

Alhamisi hiyo walirudi, nami nilijifungia mwenyewe. Jiko bado nalisafisha mimi, masizi na majivu basi, halafu nageuka haraka nisije nikaona lilivyopauka.