Jioni Ninahazwe Alipojifungia

Wenzenu uchaguzi wanausikia redioni. Ninahazwe wa Granville, huku Sydney, Australia, aliujua kwa miguu, maana ndio uliozua mauaji yaliyomtoa mbio Burundi akiwa na mimba ya Akimana hadi kambi ya wakimbizi Kigoma, akakaa huko mpaka mtoto akawa msichana mkubwa, ndipo wakaletwa huku.

Jumamosi ile ya kuchagua serikali ya jimbo alikwenda kupiga kura, kwa sababu huku Sydney usipopiga unatozwa faini. Nje ya shule ya kupigia kura watu walikuwa wakichoma soseji na kutaniana, wa chama hiki bega kwa bega na wa chama kile. Yeye hakudanganyika. Ngoja matokeo yatoke, alijisemea, ndipo tutajuana.

Kutoka hapo akaenda hospitali kumwona mumewe, Ntwari, ambaye figo zake zilikuwa zimegoma kabisa. Jamani, mwanamume yule hakuogopa kufa. Aliogopa kufa peke yake, bila mtu wa kumshika mkono na kumwombea. Ninahazwe alimwahidi kwamba anakwenda tu kuoga na kumpikia uji, jioni hiyo hiyo atarudi alale kitini kando yake.

Uji ulikuwa bado jikoni televisheni ilipotangaza kwamba chama kilichotawala miaka chungu nzima kimeshindwa. Huku watu wanarukaruka, kule wengine wanalia. Walioondolewa hawataondoka hivi hivi, aliwaza, wana jeshi hao. Akazima jiko na taa, akasukuma kabati mlangoni, na simu akaizima, maana kule kwao sauti ya redio tu iliwahi kuwaponza majirani. Ntwari yuko na wazungu, hawatamgusa, alijiambia, nami nikiuawa njiani nitamfaa nini? Akajikunyata chini ya meza, akaomba mpaka sauti ikakauka. Anayetaka kumcheka na amcheke, mimi siwezi.

Asubuhi Akimana, aliyeishi kwake Doonside, mtaa mwingine wa Sydney, alifika, akagonga, akaita weee, mama kimya. Alipoanza kulia ndipo kabati likasogezwa. Hospitali ilikuwa imempigia mama simu jioni nzima bila kumpata, ikamtafuta binti, naye akafika huko usiku baba ameshafunikwa shuka.

Ninahazwe aliuliza kama Ntwari alikuwa na mtu alipokufa. Akimana akamwambia kulikuwa na nesi Mkenya, Jepchumba, aliyemshika mkono na kumwombea kwa Kiswahili. Alitaka kuishia hapo, lakini mama alimkazia macho, ikabidi amalizie: kila mlango ulipofunguliwa, baba aliuliza kama ni mke wake.

Mama alikaa kitako sakafuni. Nje mtu alikuwa akikata majani ya uwanja wake, kama Jumapili yoyote.

"Na yule mkubwa aliyeshindwa," aliuliza, "amefanya nini?"

"Alimpigia mwenzake simu, mama, akampongeza. Kisha nadhani akaenda kulala."

"Akaenda kulala," alisema Ninahazwe. "Nami nikamwacha baba yako afe akinisubiri."

Akimana alikaa naye pale sakafuni.