Siku Nilipoondoa Miiba ya Shangazi

Kosa langu la kwanza, na ndilo lililozaa mengine yote, lilikuwa kuamini kwamba kitu kisichokuwemo kwenye picha ya kompyuta hakina kazi duniani. Nalisema mwenyewe mapema kabla hamjalisikia kwa binamu zangu, ambao kila Krismasi huitoa ile kanda ya video, wakaipeleka mbele mpaka pale ninapokaa kwenye beseni la maji nikiwa na suti, halafu wakairudisha nyuma ili nikae tena. Aibu nimeshaizoea. Ile sauti ya maji ndiyo bado.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, kila mtu anauza kitu, na kompyuta za mtumba zimeanza kufika Dodoma. Nilikuwa nafanya kazi pale Majengo, kwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi la Bwana Hemedi, mtu ambaye mababu zake walikuja na misafara ya biashara na mwenyewe bado ana jicho la kuona leo bidhaa itakayotakiwa kesho. Alileta kompyuta moja kutoka Dar, akaifunika kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio, akaniambia nijue mwenyewe. Basi nikajua mwenyewe, kwa kubonyeza huku naogopa (nilikuwa naomba kwanza, kisha nabonyeza).

Ndani yake mwenye mali wa zamani alikuwa ameacha programu ya kuchorea nyumba na bustani. Jamani! Unachora ukuta, unaweka mlango, unatoka nje, unachagua mti, unauweka unapotaka, na mti unakaa hapo hapo. Ukibonyeza mahali fulani, ule mchoro uliolala unasimama, ukawa unatembea ndani yake kama mtu aliyealikwa. Mimi ni mtu ambaye nikiona kiti kimoja kimepinda kanisani sisikii mahubiri, kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyojisikia nilipokuta mahali ambapo kila kitu kinanyooka. Kila nilipopata nafasi nikawa nachora bustani zile za kifalme: njia mbili zinakutana katikati kama msalaba, ua mfupi umenyolewa pande zote, chemchemi katikati, na kila kilichopo kushoto kina ndugu yake kulia.

"Kijana, unalima kwenye kioo?" Bwana Hemedi aliniuliza siku moja.

"Najifunza, Mzee."

"Na unamwagilia nini, umeme?"

Alicheka, lakini ndiye aliyeniruhusu kuchapa moja kwa wino wa rangi, nami nikaichapa ile niliyoipenda kuliko zote, bustani niliyoizungushia nyumba ya shangazi yangu kule Mkonze, na madirisha yake na mlango wake wa jikoni. Shangazi Yunisi alikuwa amekuja dukani kutoa fotokopi. Akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Hapa ni wapi?"

"Ni kwako, shangazi."

Aliondoka nayo bila kukumbuka fotokopi zake. Kesho yake akarudi akiwa amekwisha kuuacha ukumbi aliokuwa ameushika kwa ajili ya sendofu ya kumuaga binti yake, Neema. "Sherehe itakuwa nyumbani," akasema, akaigonga karatasi. "Kwenye hii."

Nilijua kwa nini. Neema alikuwa anaolewa na kijana wa Morogoro, na siku wakwe walipokuja kujitambulisha, mama mkubwa wa bwana harusi alisimama uani, akatazama vumbi la kiangazi pande zote nne, akauliza kwa upole kabisa, "Jamani, huku kuna jani kweli?" Shangazi alicheka pamoja na wengine, lakini swali lile lilimkaa. Sasa alikuwa ameiweka heshima yake yote juu ya karatasi yangu.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza, maana mimea ya ile programu haioti kwetu, na inayoota kwetu haikui kwa kubonyezwa. Shangazi akasema, "Panda minyaa, baba, wala huhangaiki." Nikakataa. Minyaa inakua imetimka kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Nilitaka kitu cha kijani kibichi, kinachoshika haraka, kinachokubali mkasi. Nikapanda mchicha.

Ndiyo, mchicha. Kwenye kishamba cha shangazi kando ya nyumba, mtama ukiwa umeshavunwa, nilivuta kamba, nikapiga vigingi, nikapanda mistari ya mchicha iliyobanana, na shangazi na Neema wakabeba ndoo kutoka bombani asubuhi na jioni, na maji ya kuoshea vyombo nayo hayakumwagwa tena. Kila ulipokua niliukata usawa kwa mkasi wa kushonea, rula mkononi.

"Kaka Elia," Neema akaniuliza, "huu tutaula au tutaupeleka saluni?"

"Usiuguse upande wa kulia, haujalingana."

"Bwana harusi wangu hajawahi kutazamwa hivi."

Lakini ilitoka! Nasema kwa kinywa changu, ilitoka. Katikati niliweka beseni kubwa juu ya matofali niliyoyapaka chokaa, likawa chemchemi (isiyochemka, lakini lilikuwa jeupe). Ukisimama mlango wa jikoni ukakunja macho kidogo, ulikuwa ndani ya picha. Majirani walikuja kutazama. Hata Mzee Ndahani, jirani mwenye mbuzi wengi kuliko wote pale, alisimama nje ya ule uzio wa matawi ya miiba ambao shangazi alikuwa ameuzungusha. Akaita, "Mbukwenyi!" kama tunavyosalimiana huku, akatazama weee, akasema, "Mmefanya kitu." Nyuma yake mbuzi nao walikuwa wanatazama. Sikuwajali.

Ikafika asubuhi ya sendofu. Viti vimepangwa, mtu wa video ameshafunga vyombo vyake, nami nazunguka na karatasi yangu nikilinganisha. Kitu kimoja tu hakikuwemo kwenye picha. Miiba.

Kwenye picha, nyuma ya ua kulikuwa na anga tu, safi, mpaka mwisho. Kwangu kulikuwa na matawi makavu ya mgunga yenye gunia la plastiki limenasa. Nikaanza kuyakokota.

"Elia baba, miiba iache," shangazi akasema.

"Ni leo tu, shangazi. Jioni narudisha. Kwenye video itaharibu kila kitu."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa huku analijua, na mimi nililijua tangu utoto: mavuno yakishaisha, mashamba huwa malisho. Mifugo inapita, inakula mabua, hakuna ugomvi. Anayetaka shamba lake lisiguswe anaweka miiba. Akiiondoa, amefungua, na hakuna haja ya kumuuliza. Hayo yote niliyajua, na bado nilikokota lile tawi la mwisho huku napiga mluzi.

Wakwe wakafika. Yule mama mkubwa aliingia mbele, nikamwamkia shikamoo, hakuitikia, kwa sababu alikuwa amesimama kinywa wazi. Akainama, akagusa ua.

"Hiki ni nini?"

"Mchicha, mama," nikasema.

"Mchicha? Umenyooka hivi? Dodoma?"

Nikamtazama shangazi. Alirekebisha kilemba chake, na kwa namna alivyokirekebisha nilijua swali la vumbi limejibiwa. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Mshereheshaji akaanza kutambulisha ukoo, muziki ukapigwa, Neema akaingia na mpambe wake kwa ile njia ya katikati, mwendo wa polepole, na hapo nikasikia kengele ndogo.

Mbuzi jike mwenye mabaka alikuwa amesimama kwenye kona ya kushoto, anatafuna. Naomba mnisamehe, wazo langu la kwanza halikuwa kwamba mbuzi ameingia. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba upande wa kushoto sasa ni mfupi kuliko wa kulia. Hilo lilirekebishwa upesi, maana wenzake walianzia kulia.

Ningewaambia vijana watano wasimame, yangeisha. Lakini video ilikuwa inaendelea, nami nilitaka kulimaliza bila mtu kujua, basi nikanyata, nikawa nawafukuza kwa kunong'ona. "Shh! Ondoka! Tafadhali!" (nilimwambia mbuzi tafadhali). Hawakusikia. Nikavua koti nikalipunga, beberu mmoja akalikamata mkono, nikavuta, akavuta, nikavuta zaidi, akaachia. Nikarudi kinyumenyume kwa ile njia iliyonyooka kabisa, niliyoipima mwenyewe, ambayo inafika moja kwa moja kwenye chemchemi.

Muziki ukakatika. Nilikuwa nimeketi ndani ya beseni, magoti juu, na yule beberu akaja akanywa maji kando ya nyonga yangu, kwa utulivu, kama tulipanga. Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti. Mimi sikumtazama mtu yeyote isipokuwa shangazi. Hakuwa anacheka.

Ndipo aliposimama Mzee Ndahani kutoka kwenye viti vya wazee wa upande wetu, koti lake la sherehe na fimbo mkononi.

"Nina neno," akasema. "Asubuhi nimepita hapa, nikakuta mama Neema ameondoa miiba. Nikarudi nyumbani nikawaambia, wafungulieni mbuzi, mwenzetu ametukumbuka. Kiangazi hiki! Kijani chote alichokimwagilia kwa ndoo, siku ya kumtoa binti yake, amekifungulia mifugo ya jirani. Mama, nakushukuru mbele ya wakwe zako."

Wazee wetu wakaguna kwa kukubali. Nami nikiwa mle majini nikaelewa kwamba ametoa shukrani kwa kitu ambacho hakikutolewa, na kwamba shangazi akisema ukweli, yaani "ni makosa ya huyu kijana," mzee atakuwa amelisha mbuzi wake kwa wizi mbele ya wageni, na akinyamaza, bustani imekwenda. Ndoo zote zile. Shangazi alitazama mchicha, ukiwa umebaki vipande vipande.

Akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Karibu, Mzee Ndahani. Leo ni siku ya kutoa. Ninatoa mtoto, nitazuia mchicha?"

Nilisikia vigelegele, na kilichotangulia kilitoka upande wa Morogoro. Mama mkubwa alikuwa amesimama. "Jani lipo," akawaambia watu wake kwa sauti, "na wenyewe wanajua kuligawa! Tumepata wakwe!" Mzee Ndahani naye hakukubali kushindwa, akamtunza Neema mbuzi palepale, na alipomwonyesha kwa fimbo nikamtambua: yule wa mabaka, aliyeanza upande wa kushoto.

Nilimfuata shangazi jikoni baadaye, nachuruzika. "Shangazi, nimekuharibia."

"Vua hiyo suti ianikwe," akasema. Kisha, akiwa amenipa mgongo anapakua pilau: "Ulinichorea kitu kizuri, Elia. Nilikaa ndani yake kabisa. Sasa nichoree kingine wasichokila."

Ile karatasi ameitia fremu, iko sebuleni kwake mpaka leo, na mimi kila nikiiona namwona yeye akisimama na kujifunga kitenge, maana sijawahi kuona kitu kilichonyooka kuliko kile.

Siku hizi bustani ndiyo kazi yangu. Kabla sijawasha kompyuta, natembea kiwanja kizima na kuuliza majirani nani hupita hapa na mifugo yake, na lini. Ua napanda minyaa, maana mbuzi hawaigusi. Na kwa kuwa programu haina miiba, nikishachapa picha, miiba naichora mwenyewe kwa kalamu, kuzunguka pande zote, halafu ndipo namkabidhi mwenye nyumba.