Baba wa Joan Ndani ya Laptop

Wilkista Nakhumicha hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa mara ya kwanza. Hata hospitalini, alipoandikiwa dawa za wiki mbili, alimwuliza daktari kama wiki moja haitoshi. Kila Jumatatu hupanda Cheptais kununua vitunguu vikiwa bado shambani, akavishusha Bungoma Jumanne na Kitale Alhamisi, na safari hizo zote hubeba laptop ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa, kwa sababu mwizi hana haja na mfuko wa unga. Laptop yenyewe aliitoa kwenye saiba moja, duka la intaneti lililokuwa linafungwa Bungoma, kwa magunia mawili ya vitunguu. Mwenye saiba alitaka matatu. Alipata mawili na akasema asante.

Laptop ilimfanyia kazi: fomu za kaunti, picha za mzigo, barua kwa wanunuzi. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Intaneti ya Wilkista yote ni ya njiani, ya kuwasha hotspot ya simu kwa dakika chache akiwa amekaa juu ya gunia, na laptop ile ilikuwa na tabia ya mgeni ambaye akinusa chakula tu, ameshanawa mikono. Ikiona mtandao, inaanza kuvuta apdeti zake za mwezi mzima bila kumwuliza mtu. Bando ya wiki inaondoka kabla hajafungua barua ya pili.

Hayo angeyavumilia. Lililomkasirisha ni siku ya wakwe.

Kaka yake mkubwa, Wabwile, ni mlinzi wa ghala huko Qatar, mwaka wa nne sasa. Binti yake Joan anasomea uuguzi Kitale, na huko Kitale akampata Kibiwott, kijana wa Endebess mwenye ng'ombe wa maziwa na maneno machache. Watu wa Kibiwott wakaomba kuja Myanga, nyumbani kwa kina Joan, kuzungumza. Sasa, kwa ukoo huo, baba aliye hai hasemewi. Akiwa mgonjwa, anangojwa. Akiwa mbali, anatafutwa. Na Wabwile alikuwa na neno moja tu la kuwaambia wakwe: Joan asihamie Endebess kabla ya mtihani wake wa mwisho, uliobakiza mwaka mmoja na nusu. Mengine yote, alisema, wazee wataelewana.

Wazee walikataa simu. Walisema hawawezi kupanga ndoa na mtu wa ukubwa wa kiberiti. Kwa hiyo Wilkista, kama senge, yaani shangazi wa msichana, akaleta laptop, akaiweka juu ya stuli katikati ya sebule, akawasha hotspot. Uso wa Wabwile ukatokea, akasema, "Hamjambo wakwe," kisha akaganda mdomo wazi. Laptop ilikuwa imeanza kuvuta vitu vyake. Wilkista akanunua bando nyingine, nayo ikaliwa. Mwishowe kioo kizima kikawa buluu, na katikati ikaandikwa asilimia kumi na mbili.

Mzee Bethwel, msemaji wa upande wa Endebess, mwalimu mkuu mstaafu, akaikazia macho muda mrefu.

"Huyo ndiye baba?" akauliza. "Tungoje afike mia?"

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kikao kikaahirishwa kwa wiki tatu, na wazee wakasema wazi: Wabwile asipopatikana mara ya pili, mdogo wake Makokha ataketi mahali pake. Makokha ni mtu mwema sana, na hapo ndipo penye hatari. Hajui kukataa kitu akiwa ameshiba, na wakwe hawaji mikono mitupu.

Alhamisi iliyofuata, baada ya kumaliza vitunguu Kitale, Wilkista aliingia kwa Mwihaki, msichana anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda nyuma ya soko.

"Inakula bando," alisema, akiitoa laptop kwenye mfuko wa unga. "Nataka iache."

Mwihaki akaiwasha, akangoja, akapangusa kioo kwa kiganja, akangoja tena. "Mum, hii imezeeka. Mfumo ulio ndani ni mzito kwake, na ule mpya haiwezi kuubeba. Naweza kuikataza kuvuta, lakini bado itakuwa inaburuta miguu. Ingekuwa yangu, ningeweka mfumo mwingine, Linux."

"Pesa ngapi?"

"Hiyo ni bure."

Wilkista akacheka kwa pua. "Bure ya nani?"

"Ya kila mtu. Kuna watu wanaitengeneza, nchi zote, halafu wanapeana."

"Na hao watu wanakula nini?"

"Wengine wameandikwa kazi. Wengine wanapenda tu."

Wilkista akavuta stuli, akakaa. Miaka ishirini sokoni ilikuwa imemfundisha kwamba bei ni kama mkia wa ng'ombe: ukiushika, unajua mnyama anaelekea wapi. Kitu kisicho na bei hakina pa kushika. Akauliza kama kitaisha baada ya mwezi. Hakiishi. Akauliza kama kitaanza kudai baadaye. Hakidai. Akauliza kama kitavuta apdeti.

"Zitakuja, lakini itakuuliza kwanza. Ukisema ngoja, inangoja. Ukifika mahali pa waifai ya bure, unaiambia sasa kula."

"Haiwezekani kitu kiwe bure na kiwe na adabu," Wilkista alisema.

"Lakini kazi yangu mimi ni elfu moja mia tano."

Uso wa Wilkista ukachangamka. "Eh! Sasa umeanza kuongea."

Walibishana robo saa, kwa furaha. Wilkista akafika kwenye hoja yake kubwa: hata yeye hukata kitunguu kimoja mbele ya mnunuzi, aone ndani, anuse. Nani hununua bila kuonja? Alidhani amemweka msichana kwenye kona. Mwihaki akafungua droo, akatoa flash, akaichomeka ubavuni mwa laptop.

"Onja basi. Inaweza kufanya kazi kutoka kwa flash bila kugusa chochote chako. Ukiitoa, unarudi kwa ile yako ya zamani."

Haikuchukua muda laptop ikawaka, safi, kama imeoshwa kwa sabuni. Wilkista hakutazama rangi. Alitoa simu, akasoma salio la bando, akaunganisha hotspot, akangoja dakika kumi kwa saa, akasoma tena. Salio lilikuwa limeshuka kidogo sana, hata halikufaa kulalamikia.

"Niachie flash mpaka Alhamisi," alisema.

"Mum, flash ni yangu!"

"Ndiyo maana nitarudi."

Jumatatu akiwa Cheptais, juu ya mlima, simu ikionyesha kijiti kimoja cha mtandao ambacho nacho kilikuwa kinasinzia, alichomeka ile flash na kumpigia Wabwile kwa video. Uso ulikuja vipande vipande. Alipozima picha, akabakisha sauti peke yake, kaka yake akasikika kama mtu aliye jikoni. Waliongea nusu saa. Wenye mashamba wakaacha kufunga magunia wakaja kumsalimia Wabwile na kumwuliza kama ni kweli huko Qatar yai linaiva juu ya bati. Wilkista alikuwa akiangalia salio tu. Picha ndiyo inayokula, akajua. Sauti haina njaa.

Alhamisi alirudisha flash. Mwihaki akahifadhi picha na karatasi zake zote pembeni, akaiweka Linux ndani moja kwa moja. Wakamalizana kwa elfu moja na kilo tatu za vitunguu. Makokha aliposikia laptop imefutwa ikaanza maisha mapya, alisema imeokoka, na akataka kujua kama itatoa ushuhuda Jumapili.

Siku ya kikao cha pili, Jumamosi, Wabwile alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Wakwe walifika saa nne, watu kumi na mmoja, na kreti mbili za soda na sukari ya kutosha duka. Laptop ikawekwa juu ya stuli. Uso wa Wabwile ukatokea, ukasalimia, haukuganda. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba ameshuka kwenye ndege.

Mzee Bethwel hakupiga makofi. Aliitazama laptop, akaitazama simu iliyokuwa inatoa mtandao, kisha akasimama kuomba. Aliombea mvua, kaunti zote mbili, mifugo, viongozi, barabara ya Endebess. Baada ya hapo akataka kila mmoja wa watu wake ajitambulishe, na kila mmoja aseme ukoo wake, alikosomea na jinsi alivyomfahamu Kibiwott. Halafu akasema chakula kisipoe.

Wilkista akamwelewa vizuri kabisa. Kuna wanunuzi wanaokuja sokoni jioni, wanazunguka, wanauliza habari za watoto, wakingoja muuzaji achoke na mzigo ulegee. Mzee alikuwa anangoja bando iishe. Hakumchukia, kwa kweli alimheshimu zaidi. Aliinama kama anayepanga sahani, akazima picha upande wake, akamwandikia kaka yake azime pia, abaki na sauti. Kioo kikawa cheusi, na jina la Wabwile dogo katikati.

Kuku akazunguka. Mzee Bethwel akaona kioo.

"Haya," alisema kwa upole. "Mzee ametuacha tena?"

"Endelea tu, mzee," Wilkista alisema, akimwongezea mchuzi. "Sisi tunasikia."

Bethwel akajiegemeza, akageukia upande wa Makokha, ambaye alikuwa ameshapewa paja na firigisi. "Sasa mkwe, sisi watu wazima tusisumbuane. Mama ya huyu kijana yuko peke yake na ng'ombe kumi na wanne. Msichana aje Desemba. Vitabu ni kitu ya kubeba. Hata Endebess kuna meza. Ama unaonaje?"

Joan, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akamtazama baba yake mdogo.

"Ukiangalia sana," Makokha alianza, akitafuna, "hiyo si mbaya..."

"Makokha," laptop ikasema. "Meza kwanza, ndio ujibu."

Makokha akapaliwa. Mtu akampiga mgongoni. Mzee mmoja wa Endebess alisimama kabisa, akatazama nyuma ya stuli. Kisha kicheko kikapasuka, kikatoka nje mpaka kwa waliokuwa wanaosha vyombo, na aliyecheka zaidi ni Mzee Bethwel mwenyewe, akipangusa macho kwa kitambaa cha meza.

"Ati uko hapo!" alisema. "Bana, tangu lini?"

"Tangu uombee barabara," Wabwile alijibu. "Asante, inahitaji maombi. Sasa nisikilizeni. Huyo msichana amebakisha mwaka mmoja na nusu. Amalize, afanye mtihani, ndio ahamie. Nimesimama kwenye geti la watu miaka minne kwa sababu ya hiyo karatasi. Neno langu ni hilo moja. Yale mengine, pangeni mkiwa mmeshiba."

"Na mama ya kijana?" Bethwel akauliza, na safari hii aliuliza kwa dhati. "Ng'ombe hawangoji mtihani."

Hapo Wilkista akaweka sahani chini. "Joan ana likizo tatu kwa mwaka. Kitale na Endebess ni karibu. Mkishamaliza harusi ya kanisa, likizo zote ni zenu, asaidie mama. Muhula ni wetu. Na akishafaulu mtihani mtaleta gari la kumchukua, akiwa muuguzi, akiwatibu nyinyi wenyewe bila kupanga foleni."

"Likizo zote?"

"Krismasi tunagawana."

"Ah, senge, Krismasi yote!"

"Nusu. Na hapo nimekuonea huruma kwa sababu umeomba vizuri."

Kibiwott, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema zaidi ya "hamjambo", akainua kichwa. "Mimi nitangoja," alisema.

"Nani amekuuliza wewe?" Bethwel akamkaripia, na watu wakacheka upya. Akamgeukia Joan. "Na wewe, daktari wetu? Unasemaje?"

"Nitamaliza," Joan alisema. "Na likizo nitakuja. Lakini sijui kukamua."

"Nitakufundisha," Kibiwott alisema, na safari hii hakuna aliyemkaripia.

Bethwel akanyoosha mkono kuelekea stuli, akakumbuka kwamba laptop haina mkono, akampa Wilkista. "Mwambie tumekubali."

"Mwambie mwenyewe. Anasikia hata ukitafuna."

"Mkwe, tumekubali!" mzee akapaza sauti, kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto.

Wilkista akatazama salio. Bando ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Kwa desturi yake, angeifunga pale pale, aiweke ya Cheptais. Badala yake akawasha picha, yake na ya kaka yake, akaibeba laptop mikononi na kutoka nayo uani. Akamwonyesha Wabwile wakwe wakiimba, Joan akijifuta macho na kucheka, na Makokha akirudia kwa watu ambao hawakuwepo kwamba alikuwa karibu kukataa. Wabwile alikuwa amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Alisema, "Geuza huku, geuza kule, huyo ni nani amenenepa hivyo?" na Wilkista akawa anageuza, mpaka mkono ukafa ganzi, mpaka kaka yake akakatika katikati ya kicheko na simu ikalia kuonyesha kwamba bando imeisha yote.

Akafunga laptop, akairudisha kwenye mfuko wa unga, akaenda kuuliza nani amekula firigisi ya pili.