Dakika Tatu za Mutuku

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Mimi ni muuguzi. Nimewaambia watu wapoe kwa miaka kumi na miwili na sijaona hata mmoja aliyepoa kwa sababu ya kuambiwa. Kwa hivyo niacheni niwaeleze habari za mume wangu, Mutuku, na lori lake lisilotoa moshi.

Mutuku alikuwa mwalimu wa kemia huko Mwingi. Kwa miaka tisa alisimama mbele ya wanafunzi akiwafundisha jinsi hewa, maji na moto vinavyohusiana. Tulipofika Texas vyeti vyake vilitazamwa juu juu, akaambiwa arudi chuoni kwanza. Mimi niliingia hospitalini, yeye akaingia kwenye trela. Tangu hapo anabeba mizigo kati ya Fort Worth na Houston, kwenda na kurudi, na sijawahi kumsikia akilalamika. Kazi ya kulalamika katika nyumba yetu ni yangu.

Tunaishi kwenye fleti, katika mji mdogo uliobanwa kati ya Arlington na Fort Worth. Jina lake silitaji, maana sitaki kuusaidia kujulikana. Nyuma ya ukuta wetu kuna yadi ya malori arobaini ya kampuni anayoifanyia kazi Mutuku. Alfajiri madereva huwasha injini na kuziacha zikinguruma hata saa nzima, na moshi wa dizeli unaingia kwetu kama mtu mwenye ufunguo. Binti yetu Whitney ana miaka tisa na ana pumu. Mwaka juzi tulimkimbiza hospitalini mara tano. Nawahudumia wagonjwa wa kifua kila siku bila kubabaika, lakini huyu mmoja akianza kuhema nasahau yote niliyosomea. Na yeyote anayetaka kuniambia tuhame, aniambie pia tuhamie wapi, kwa sababu huku kila ukigeuka kuna ghala, na kila ghala lina yadi yake.

Basi mwaka jana kampuni ikaleta malori manne ya majaribio yanayotumia haidrojeni. Madereva wengi walikataa kuyagusa, wakisema hawataki kukalia bomu. Mutuku alinyoosha mkono kama mwanafunzi wake wa zamani. Siku ya kwanza aliporudi nalo kutoka Houston alinivuta hadi nyuma ya lori, akashika kiganja changu na kukiweka karibu na ekzosi.

"Sikia," alisema.

Mkono ulitoka na unyevu. Nilinusa. Haukuwa na harufu yoyote.

"Ni maji, Mama Whitney. Maji tu!" Alicheka mpaka akashika tumbo. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aache ualimu.

Kwa miezi kumi na moja nyumba yetu ikawa darasa la haidrojeni. Nilijifunza kwamba ndani ya lori gesi hiyo inakutana na oksijeni ya hewani, zinatoa umeme na maji, na umeme ndio unaozungusha magurudumu. Hakuna kinachoungua. Nilimwuliza kwa nini wasitumie betri tu, kama magari madogo ya madaktari wetu. Alisema kwa gari dogo betri inafaa kabisa, lakini ukitaka trela lifike Houston na mzigo wake, betri zenyewe zinakuwa mzigo, na kuzichaji kunakula saa nyingi. Yeye alikuwa anajaza gesi huko Houston kwa dakika ishirini na kuondoka.

Na hakuwa mtu wa kupamba. Alikiri kwamba haidrojeni nyingi ya leo inatengenezwa kwa gesi asilia, na kwamba kiwanda chenyewe kinachafua hewa.

"Sasa si ni yale yale?" nilimwuliza.

"Si yale yale. Uchafu ukiwa place moja unaweza kuushika. Huu wa matrela elfu kumi barabarani utaushika na nini? Halafu angalia upepo wa West Texas. Kuna siku wana-generate stima mpaka hawana pa kuipeleka. Hiyo stima ipasue maji, utoe haidrojeni safi. Hata Houston mabomba ya hii gesi yako chini ya ardhi, viwanda vinaitumia kila siku. Shida si kujua, Mama Whitney. Shida ni kuamua."

Kuamua kulikuwa mikononi mwa baraza la mji, watu saba. Kampuni iliomba kibali cha kujenga kituo cha kujazia haidrojeni ndani ya yadi. Ikikipata, malori yote arobaini yangebadilishwa katika miaka mitatu. Ikikikosa, yale manne yangerudishwa yalikotoka, na dizeli ingeendelea kutuamsha. Mkazi yeyote aliruhusiwa kuzungumza mbele ya baraza kwa dakika tatu. Mutuku alijiandikisha. Katika mji mzima, alikuwa mkazi pekee aliyewahi kuliendesha lori hilo.

Jumapili baada ya ibada alijaribu hotuba yake jikoni, amesimama kando ya friji. Alianza hivi: "Naitwa Mutuku. Nimeendesha lori hili miezi kumi na moja. Binti yangu ana miaka tisa na hawezi kupumua vizuri."

Nikamkatiza.

"Baba Whitney, unaingia kwa watu hivyo, bila hata hodi? Hao ni viongozi."

"Lakini ni three minutes tu."

"Kusalimia kunachukua muda gani? Usi-rush. Watauliza huyu amelelewa wapi."

Ninyi mnajua tulivyo. Kwetu mtu hasimami mbele ya mkutano akaanza na shida yake. Anamtambua mwenyekiti, anawatambua wageni, anapitisha salamu za waliomtuma, anamsimamisha mke wake aonekane, anamshukuru Mungu kwa kuwafikisha salama. Ndipo anasema alichokuja kusema, na mwenyekiti akimwambia muda umekwisha, anaomba dakika moja na kupewa tano. Basi nikachukua kalamu nikamwandikia salamu zote kwenye kadi ya kwanza, kwa mkono wangu. Habari za usalama wa gesi nikazisogeza kadi ya tatu. Whitney nikamweka kadi ya mwisho, ili amalize kwa kishindo.

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa ukumbini, nimetoka zamu moja kwa moja, nimebadilisha nguo nikavaa kitenge changu kizuri. Aliyemtangulia Mutuku alikuwa mzee mwenye kofia. Alisema jina lake na mtaa wake, akasema hataki bomu karibu na wajukuu zake, akaketi. Hakumaliza hata nusu dakika. Nilimwona mshenzi.

Mutuku akasimama, tai imenyooka. Akamtambua meya. Akawatambua wajumbe, mmoja mmoja, kwa majina yaliyoandikwa mbele yao. Akaleta salamu za kanisa letu la Arlington na za jamii yote ya Wakenya. "Mke wangu yuko hapa," alisema, "naomba asimame." Nilisimama. Nikapunga mkono, tena nikatabasamu kwa fahari. Taa ya kupimia muda mbele yake, iliyokuwa kijani, ikageuka manjano, na mimi bado nimesimama. Akasimulia jinsi alivyokuwa mwalimu. Akamshukuru Mungu.

"Sasa kwa kuwa muda ni mfupi," alisema akifunua kadi ya pili, "niingie kwenye hoja yangu ya kwanza."

Kengele ikalia.

"Asante, bwana," meya akasema.

"Naomba dakika moja tu, mheshimiwa."

Wakazima kipaza sauti. Niliona midomo ya mume wangu ikiendelea kusogea. Mtu nyuma yangu alicheka, na nawaambia wazi, kama si sare yangu iliyokuwa kwenye mkoba ikinikumbusha kazi yangu, ningemzaba kofi.

Walipiga kura. Watatu walikubali, wanne wakakataa.

Nje, mjumbe mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, alitufuata. Alikuwa miongoni mwa wale wanne. "Nilikuwa nikikungoja uniambie kama ni salama," alimwambia Mutuku. Na Mutuku, pale mlangoni, akamweleza. Kwamba ni gesi nyepesi kuliko zote, ikivuja mahali pa wazi inapanda juu na kutawanyika, wakati dizeli inamwagika na kubaki chini ikingoja moto. Kwamba inaweza kuwaka, ndiyo, na ndiyo sababu tangi ni nene na kuna vifaa vinavyofunga gesi ikianza kuvuja. Hakutumia hata dakika moja.

"Ungeyasema hayo ndani," mama yule alisema polepole, "ningekubali."

"Una mdomo!" nilimfokea. "Kwa nini hukumwuliza?"

Alisema utaratibu hauruhusu. Utaratibu! Mtoto anakosa hewa, wao wanalinda saa ya ukutani. Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki. Mutuku alinishika mkono tukaondoka.

Saa tisa tulimchukua Whitney shuleni. Aliingia kiti cha nyuma, akaegemea mbele kati yetu, akauliza kwa Kiingereza chake cha haraka kama tumeshinda. Mutuku akatikisa kichwa.

"Lakini uliwaambia kuhusu mimi?"

"Muda uliisha, mami."

"Dakika zote tatu?"

Mutuku alishika usukani. Alitazama barabara tu. Angeweza kunitaja, na alikuwa na haki. Nilingoja anitaje, nimgeuzie hasira niliyokuwa nayo tangu asubuhi, lakini hakunipa nafasi hiyo.

"Hotuba niliipanga mimi," nilisema. "Wewe nilikuweka mwisho."

Whitney alinitazama kidogo, kisha akarudi nyuma na kufunga mkanda.