Kibuyu cha Rupia Moja

Jana mjukuu wangu alikuwa barazani akisoma hesabu zake za kutoa kwa sauti: mama ana shilingi moja, amenunua chumvi ya senti ishirini, amebaki na ngapi? "Themanini!" akajijibu, akacheka. Mimi sikucheka. Chumvi ya ishirini naijua, ndugu yangu. Ilitupotezea ng'ombe.

Nililelewa na bibi huko Miyuji, Wajerumani wakitawala, katika tembe la paa bapa la udongo, lenye harufu ya moshi na maziwa ya mgando. Bibi hakusoma, lakini kutoa alijua. Marehemu mumewe, mpagazi wa misafara, alimwachia kibuyu kidogo chenye kunde sitini na nne, maana rupia ya zamani ilivunjwa kwa sarafu ndogo sitini na nne zilizoitwa pesa. Akivunja rupia dukani, bibi alimwaga kunde kwenye kaniki yake, akatoa moja moja kulingana na bei ya chumvi, kisha kila kunde iliyobaki akaidai sarafu yake. "Kila kunde na mwenzake," alisema, na mwenye duka akangoja kwa adabu.

Kisha Wajerumani wakazifuta sarafu hizo za pesa, wakaleta heleri, na rupia ikawa heleri mia. Nani alikuja kutuambia? Sisi tuliona sarafu zimebadilika sura, basi. Mwenye duka alijua. Aliendelea kungoja kwa adabu; kwa chumvi ya heleri ishirini akazilipa kunde arobaini na nne zilizobaki, na heleri thelathini na sita za juu akazifutika. Tena alimsifu, mwizi yule: "Bibi, wewe huibiwi."

Msimu wa kodi akida akaja na askari. Rupia tatu kwa tembe. Bibi alitoa rupia mbili nzima, kisha kwa ile ya tatu akatandika ngozi na kupanga heleri sitini na nne, kila moja na kunde yake, akijivuna kabisa.

Akida akahesabu. "Zimepungua thelathini na sita, bibi."

"Haziwezi kupungua, bwana. Tazama, kila kunde ina mwenzake."

Askari akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akamfungua ng'ombe wetu wa maziwa, wa pekee, akaenda naye. Kicheko kile nakichukia hadi leo.

Bibi alikwenda dukani mbio, nami nyuma yake. Mwenye duka hakuacha hata kupima chumvi ya mteja. "Si nilikuwa nafuata kibuyu chako?" alisema.

Jioni hapakuwa na maziwa ya kulia ugali. Bibi akazimimina zile kunde chunguni. Zilikuwa za miaka mingi, zikagoma kuiva, tukazitafuna hivyo hivyo. Alikula za kwake hadi ya mwisho.

Wajerumani wamekwenda na heleri zao. Tembe limebomoka, na harufu ya mgando siisikii tena. Mwenye duka alizeeka vizuri, wanawe wakarithi maduka mawili. Waliosema malipo ni hapa hapa duniani hawakumfahamu.

"Nimepata, babu?" mjukuu aliniuliza jana, daftari mkononi.

"Umepata," nikamwambia.

Bibi naye alikuwa akipata, kila alipokwenda dukani.