Ukuta wa Vilivyoungua

Tangu dada yake aondoke, mshonaji anaisikia cherehani yake mwenyewe. Zamani hakuwa akiisikia. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na watu wanabishana, kitu kinalia pii-pii, mtu anacheka, mwingine anaapa kwamba hakugusa chochote, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa ikipenya chini ya mlango hadi wateja wakakunja pua na kuuliza kama kuna kinachoungua. "Kinaungua," alikuwa akijibu bila kuinua macho. "Ndiyo kazi yao." Sasa chumba hicho kimejaa kompyuta mpya, meza nyeupe na viti vya magurudumu, na hakitoi hata sauti ya panya. Mshonaji anakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko nguo inavyotaka. Hasira yake haina pa kwenda, kwa hiyo inashukia mguuni.

Dada yake watu walimwita Koili. Alikuwa fundi wa kusuka mota katika kiwanda cha nyuzi. Mota ikiungua, yeye aliifungua, akang'oa waya zilizokaangika, akazungusha waya mpya wa shaba kwa mkono, duru juu ya duru, mpaka koili ikajaa na ile mota ikaamka. Alianza kazi hiyo akiwa msichana na ikamtia mvi. Kisha akaja meneja aliyeona ni rahisi kununua mota mpya na kutupa za zamani, na kwa kuwa Koili naye alikuwa wa zamani, akatupwa pamoja nazo. Hakulia. Alirudi kwa mdogo wake, mshonaji, na sanduku la vifaa, akaifungua redio vipande vipande. Kesho yake feni. Alipoanza kuitazama pasi, mshonaji akaona hatari.

"Dada, nyumba hii imebaki na kitu kimoja kizima, nacho ni mimi. Tafuta pa kwenda kabla hujanigeukia na bisibisi."

Ndipo Koili akapanga stoo iliyopakana na duka la mshonaji, chumba ambacho mwenye nyumba alikuwa akiwekea mifuko ya saruji iliyoganda. Akapiga chokaa, akaweka meza ya mbao, akawaambia watu kwamba yeyote anayependa kufungua vitu aje afungue huko. Wakaja. Akaja Dereva wa lori, aliyekuwa amechoka kudanganywa na taa za dashibodi. Akaja Nesi wa wodi ya wazazi, aliyetaka taa ya betri kwa sababu umeme ulikuwa ukimkatikia mtoto akiwa njiani, na tochi ya simu ilikuwa imemchosha roho. Akaja Kinyozi, mwenye mikono laini na maneno mengi, anatafuta namna ya kunyoa bila kutegemea umeme wa ukutani. Na akaja mtu aliyekuwa akiandika programu katika benki, ambaye walimbatiza jina la Profesa kwa sababu ya miwani yake, na kwa sababu kila jibu lake lilianza na "inategemea".

Profesa alikuwa mwalimu mzuri. Mshonaji halikatai hilo hata leo, ingawa lingemfaa kulikataa. Siku ya kuwafundisha jinsi kompyuta inavyorudia jambo, aliwaambia watembee hadi mlangoni, waguse kitasa, warudi, waende tena, mpaka atakaposema basi. Simu yake ikalia, akatoka nje. Aliporudi aliwakuta wanaloa jasho, wangali wanagusa kitasa.

"Nimeelewa," Dereva akasema, anahema. "Kompyuta ni punda aliyesoma."

Mshonaji alicheka peke yake kule dukani mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Lakini moyo wa chumba kile ulikuwa ukuta wa nyuma. Mwanzoni kabisa kuna mtu aliunguza mita ya kupimia umeme, akaona haya, akairudisha kimyakimya mahali pake. Nesi akaitumia. Akahangaika na saketi yake wiki nzima akidhani kichwa chake ndicho kibovu, kumbe mita ndiyo inamdanganya. Koili alipogundua hakuuliza ni nani. Alichukua nyundo na msumari, akaitundika ile mita ukutani, akasema, "Ukiunguza, tundika. Andika umefanyaje. Ukificha, usirudi."

Kwa kuanza akatundika cha kwake, mota ndogo nyeusi kama kaa la moto lililozimika, na karatasi chini: *Nilipokea simu.* Baadaye Dereva akatundika saketi ya kuchajia betri: *Niligeuza waya nyekundu na nyeusi. Nilikuwa na uhakika.* Ukuta ukajaa. Aliyeingia kwa mara ya kwanza alipelekwa pale kabla hajaonyeshwa kiti. Na ambaye hakuwa ametundika kitu aliitwa mgeni, hata kama amekuja mwaka mzima. Profesa alikaa ugenini muda mrefu, maana programu haziungui. Walimtania mpaka siku alipoimwagia chai kompyuta yake mwenyewe. Aliitundika katikati kabisa, na karatasi yake ilikuwa na neno moja tu, lile lile analolipenda. Siku hiyo walimpigia makofi kama bwana harusi.

Mshonaji alijua huo ukuta ulitoka wapi. Kule kiwandani, kila kilichoharibika kilitafutiwa mtu mnyonge wa kubebeshwa, kwa hiyo kila mtu alijifunza kuficha. Shoga yake Koili alisagwa vidole na mashine ambayo mtu mwingine alikuwa amevunja swichi yake asubuhi na kunyamaza ili asifukuzwe. Koili ndiye aliyezima umeme. Kwa maisha yake yote yaliyobaki alitaka kitu kimoja tu: chumba ambamo mtu anaweza kukosea mbele za watu na bado akapewa kiti. Hakutaka umaarufu wala shukrani. Hicho tu.

Kisha likaja shirika.

Koili alikuwa safarini, ameitwa mji mwingine kusuka mota ya pampu ya maji. Mratibu wa shirika alikuwa mwanamke mwenye sauti ya pamba, ambaye kila sentensi yake ilianza na "sisi" ikaishia na "ninyi". Aliahidi kompyuta, vifaa vya kisasa, mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, na kodi ya chumba. Mshonaji alisikia yote kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mahali pazuri," Mratibu akasema. "Ila huo ukuta."

"Huo ndio unaotufundisha," Profesa akasema, akacheka kidogo.

"Wafadhili wanakuja na kamera, kaka. Wakiona hivi, watadhani tunawapa vifaa watu kazi yao kuunguza."

Mshonaji alingoja Profesa aseme inategemea. Hakusema.

Siku iliyofuata mshonaji alimkuta Profesa juu ya kiti, anang'oa misumari. Alianza na kompyuta yake mwenyewe.

"Unafanya nini, Profesa?"

"Tunapaka rangi tu, dada. Vitarudi."

"Dada yangu anajua?"

"Ataelewa. Akiviona vifaa vilivyokuja, ataelewa."

Gunia la vilivyong'olewa lilipojaa lilitolewa nje, na mnunuzi wa vyuma chakavu akalipakia kwenye mkokoteni wake. Profesa alimwona. Akaangalia simu.

Koili alirudi siku ya uzinduzi, begi mkononi, vumbi la safari kwenye viatu. Utepe ulikuwa umeshakatwa. Alipita katikati ya wageni, akasimama mbele ya ukuta mweupe pee, akaugusa kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mama, wewe ndiye mwanzilishi," Mratibu akasema, na kipaza sauti kikamfuata. "Tunangoja neno lako."

"Vitu viko wapi?"

"Vitu gani, mama?"

"Vya watu."

Koili akamgeukia Profesa, akasema kwa sauti ya chini, "Hata chako?"

"Hata changu, dada."

"Basi umerudi kuwa mgeni."

Profesa akacheka akidhani ni utani. Mshonaji, aliyesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, hakucheka. Alimjua dada yake tangu walipokuwa wakilala kitanda kimoja. Sauti ile ilikuwa ya mtu anayehesabu nyufa za nyumba yake.

Koili angeondoka siku ile. Hata hivyo Dereva na Nesi walimsihi: vifaa ni vizuri, dada, tulia, tutauanza upya ukuta. Akapiga moyo konde akabaki. Shirika likabandika masharti mlangoni: atakayeharibu kifaa atakilipa, na ataondolewa. Koili akatundika swichi moja iliyoungua kwenye ukuta mweupe. Asubuhi haikuwepo, na tundu la msumari lilikuwa limezibwa na kupakwa rangi vizuri sana. Akatundika tena. Likazibwa tena. Watu wakaanza kugusa vifaa kwa ncha za vidole, kama wanaoshika vyombo vya kuazima. Vicheko vikapungua. Kule dukani mshonaji akaanza kusikia ukimya, kidogo kidogo, jinsi mtu anavyosikia bomba likikauka.

Mchana mmoja wa Jumamosi Nesi alitoa chaja mpya kwenye boksi lake, na plastiki yake ingali imekunjwa kama ya dukani, akaunganisha betri za taa yake. Betri zikavimba. Alipozishika kuzitoa, zikalipuka moto mkononi mwake.

Mshonaji alisikia ukelele akakurupuka na kilichokuwa mbele yake, koti la sufu la mteja. Alimkuta Koili amemshika Nesi kiwiko anamburuta mbali na meza, na Dereva anamwaga ndoo ya mchanga juu ya moto. Wakauzungushia mkono wa Nesi lile koti. Kinyozi alikuwa amesimama pembeni ya kabati, amepauka midomo.

Koili aliifungua ile chaja hata kabla ya Nesi kufika hospitali. Haikumchukua muda. Kuna mtu alikuwa amegeuza waya nyekundu na nyeusi, akaiua sehemu inayozuia betri kujaa kupita kiasi, akaona taa ya chaja bado inawaka, akairudisha kwenye boksi. Kosa la Dereva hilo hilo. Kwa mwaka mzima kila aliyeingia alilisoma ukutani kabla ya kukaa.

Kwenye kikao kilichoitishwa baada ya ajali Nesi alikuja na mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Mratibu akaanza.

"Sisi tumekubaliana kusema ni hitilafu ya kiwandani. Ni kwa faida yenu ninyi."

"Nani kakubaliana?" Koili akauliza.

Kinyozi akasimama. "Mama Koili, ile chaja..."

"Kaka, kaa chini," Mratibu akasema. "Usijitie matatani."

"Mwache aseme," Koili akasema.

"Dada," Profesa akaingilia, "akisema, ripoti inakwenda, mradi unafungwa, vifaa vyote vinarudi."

"Virudi."

"Na watu watajifunzia wapi?"

Koili akanyoosha mkono kuuelekea ukuta mweupe. "Walikuwa wakijifunzia hapo. Ukauuza kwa mwenye mkokoteni."

"Mimi nataka kusikia," Nesi akasema. "Mkono ni wangu."

Chumba kizima kikamtazama Kinyozi. Yeye akamtazama Nesi, akamtazama Mratibu, akayatazama masharti mlangoni. Akakaa chini. Kiti chake kipya kikarudi nyuma kidogo kwenye magurudumu yake.

Mshonaji, ambaye hakualikwa lakini alikuwa pale, aliona uso wa dada yake ukifungika. Alitegemea atafoka. Alitamani afoke, avunje kitu, kitu cha bei kubwa.

"Kiwandani nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakula pale," Koili alisema. "Nilidhani hapa ni pengine."

Alichukua pasi yake ya kulehemu, ile yenye mpini uliofungwa kitambaa, akaizungushia waya wake taratibu, akatoka. Dereva alitoka nyuma yake. Nesi pia. Mwenye nyumba alipoulizwa chumba ni cha nani alisema yeye anamjua anayelipa kodi, na sasa anayelipa ni shirika. Baada ya hapo shirika lilikifunga chumba kusubiri uchunguzi wa ule moto, na uchunguzi haujawahi kuja kukifungua.

Kinyozi alimfuata Nesi wodini akamweleza kila kitu. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia atoke. Vidole viwili vya Nesi havikunjiki.

Profesa alifika dukani siku moja na suruali ya kupunguzwa. Aliiweka juu ya meza, akasema alikuwa amekusudia mema, dada, amini usiamini. Mshonaji aliendelea kushona.

"Itakuwa tayari lini?" Profesa akauliza hatimaye.

"Inategemea."

Akaichukua suruali yake, akaenda. Mshonaji angependa kusema moyo wake ulitulia. Haukutulia.

Koili sasa yuko kwenye karakana ya hospitali, nyuma ya jengo la kufulia, anasuka mota za mashine za kufua. Anafanya kazi peke yake, na hajafungua chumba kingine.